Mtihani wa Kusomewa

Matokeo yalipobandikwa ukutani, walimu wa shule ile walitoka ofisini mmoja mmoja kwenda kuyatazama, na kila aliyerudi alirudi na mtu wa kumlaumu. Mmoja aliwalaumu wazazi. Mwingine akazilaumu simu. Wa tatu, ambaye siku zote hana dogo, aliilaumu serikali kuanzia juu hadi chini, akapumzika kidogo kunywa chai, kisha akaanza upya. Shule yao ilikuwa imeshika mkia tena. Na si kwamba waliteleza kidogo, la hasha. Walikuwa wa mwisho kabisa, na shule iliyowatangulia ilikuwa imewaacha mbali.

Mwalimu Redio peke yake ndiye hakusema kitu, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo la kutisha. Jina lenyewe linajieleza. Mama yule alikuwa na sauti, jamani! Alifundisha darasa la sita, chumba cha mwisho kule karibu na vyoo, lakini mpita njia barabarani aliweza kuondoka na somo zima la sayansi kichwani bila kutoa hata senti. Ilikuwa sauti nene, tamu, inayopanda na kushuka pale inapotakiwa. Watoto walianza kumwita Redio kwa kunong'ona, walimu wakalidaka wakaliita hadharani, na mwishowe mwenyewe akazoea akawa anaitika. Tena ndiye aliyekuwa mwalimu wa taaluma: mitihani yote ya pale shuleni, kuitunga, kuisimamia na kuisahihisha, ilikuwa chini yake. Kwa hiyo shule ikishika mkia, mwenye mkia ni yeye.

Kilichomfunga mdomo ni kwamba mambo hayakuwa yanaingia akilini. Mitihani ya ndani, ile anayoitunga yeye, watoto walikuwa wanafaulu, na kila mwaka wanazidi. Mtihani wa mwisho wa darasa la saba, ule unaoletwa kutoka juu kwenye bahasha zilizofungwa, walikuwa wanaanguka, na kila mwaka wanazidi kuanguka. Watoto ni walewale, vichwa ni vilevile. Sasa hapo katikati akili zinakwenda wapi?

Mwalimu mkuu naye alikuwa akijiuliza hivyohivyo. Alikuwa kijana, mgeni pale, hajamaliza hata mwaka, mwembamba mwenye adabu zake na sauti kavu kama ya mtu anayesoma masharti ya mkopo. Alimwita Redio ofisini kwake, akamvutia kiti mwenyewe.

"Mwalimu, wewe ni mkubwa kwangu, naomba uniwie radhi kwa swali nitakalouliza," alisema. "Mitihani yetu ya ndani haivuji?"

Redio hakukaa. "Ivuje? Ufunguo wa kabati nalala nao!"

"Sijasema ni wewe."

"Sasa ni nani? Kabati?"

"Nauliza tu, mwalimu."

"Basi na mimi nakujibu tu. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumpa mtoto jibu. Hata wangu wa kumzaa."

Alitoka mle ndani amevimba, na alikuwa na haki ya kuvimba, maana alisema alichokiamini. Na huyo wa kumzaa ndiye aliyekuwa kila kitu kwake. Kitinda, mtoto wake wa mwisho, alikuwa darasa la sita hapohapo, kwenye dawati la mbele, chini ya pua ya mama yake. Walimu wenzake, nisiwataje, wote walikuwa wamewapeleka watoto wao shule za kulipia. Asubuhi wanawapandisha watoto wao gari la shule nyingine, kisha wanakuja kufundisha watoto wa watu. Redio alikataa. "Nikimtoa wangu," alikuwa akisema, "hawa wengine nitawatazama kwa macho gani?"

Mumewe, fundi wa makochi, hakupendezwa na ujasiri huo. Alikuwa mtu wa maneno machache na nyundo nyingi. Nyumba yao ilijaa makochi ya wateja, mengine bado mbao tupu, mengine yamekwisha yanasubiri mwenyewe, na familia ilikalia lolote lililokuwapo mpaka mwenyewe atokee. Siku ya matokeo alisikia habari kabla mkewe hajafika nyumbani.

"Mmekuwa wa mwisho," alisema.

"Tumekuwa."

"Dada yangu bado ananiambia nimpe Kitinda akae kwake, asome ile shule ya karibu naye. Nafasi ipo."

"Kitinda ni wa kwanza darasani. Wa kwanza! Mtoto wa kwanza unamhamisha kwa lipi?"

"Wa kwanza wa shule ya mwisho," mumewe alisema, akarudi kwenye misumari yake. Neno lile lilimkaa Redio rohoni wiki nzima.

Haya, sasa tuje kwenye mafua.

Ilikuwa wiki ya mtihani wa katikati ya muhula. Redio aliamka hana sauti kabisa. Alifungua mdomo kumwamsha Kitinda kikatoka kitu kama upepo wa tairi. Alikunywa maji ya moto, akajipaka dawa shingoni, akaenda kazini hivyohivyo, maana yeye si mtu wa kukosa kazi kwa sababu ya pua. Aligawa karatasi, kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: LEO SOMENI WENYEWE.

Hapa inabidi nieleze utaratibu wa pale. Zamani karatasi zilikuwa hazitoshi, wanafunzi wanne wanachungulia karatasi moja, na Redio akaona huruma. Akawa anasimama mbele anawasomea kila swali na majibu yake ya kuchagua, a mpaka d, polepole, nao wanaandika. Karatasi zilipoanza kutosha, utaratibu ukabaki. Watoto waliupenda, walimu wengine wakauiga, ukawa ndio sheria ya shule. Hakuna aliyeona ubaya wake. Mtoto anayesomewa swali vizuri si anajibu vizuri?

Siku ile watoto walisoma maneno ya ubaoni, au tuseme waliyatazama, wakacheka wakidhani mwalimu anatania. Kisha wakakaa wakisubiri. Redio aliwaonyesha karatasi kwa kidole. Hakuna aliyeitazama. Walikuwa wanamtazama yeye, darasa zima, macho yamemganda usoni, na Kitinda pale mbele kuliko wote.

"Mwalimu," mmoja aliita kutoka nyuma, "tuko tayari. Anza."

Redio alipunga mikono: andikeni! Basi wakainamisha vichwa wakaandika, na wakamaliza upesi kupita kiasi. Wengine walikwishaweka kalamu chini kabla yeye hajamaliza kupenga kamasi.

Aliposahihisha alidhani homa imempanda machoni. Darasa lote lilikuwa limeanguka. Aliitafuta karatasi ya Kitinda. Mtoto alikuwa amejaza b. Swali la kwanza b, la pili b, la tatu b, b hadi chini, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza. Karatasi ile Redio aliikunja akaitia kwenye mkoba, akajiambia kwamba mtoto naye alikuwa na mafua.

Mwalimu mkuu aliyaomba matokeo, na hapakuwa na pa kuyaficha.

"Walichoka," alisema Redio kwa ile sauti ya upepo.

"Tuwape tena mtihani uleule," alisema mkuu. "Nitawasomea mimi, kwa kuwa wewe unaumwa."

Akawasomea. Aliwasomea vizuri tu, kila neno mahali pake, kwa ile sauti yake ya masharti ya mkopo, na watoto wakaanguka kama mwanzo. Redio, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo. Sauti yake iliporudi aliomba zamu yake, akasimama mbele ya darasa na kuusoma mtihani ule kwa mara ya tatu. Aliusoma kwa raha zote, na mkuu alikuwa amekaa nyuma kabisa anamsikiliza. Safari hii walifaulu wote. Karibu kila mmoja alipata kila swali.

"Umeona?" Redio alimwambia mkuu mbele ya watoto, mkono kiunoni. "Wanajua! Shida ni kusomewa kama tangazo la msiba."

Mkuu hakucheka. Alichana kipande cha karatasi, akaandika kitu, akaja mbele akampa. "Wasomee na hili, mwalimu. Moja tu."

Redio alilitazama swali, akashangaa, lakini alilisoma. "Mwalimu anayetaka kuhama kituo cha kazi, barua yake hupita kwanza kwa nani? Ni a, chama cha walimu. B, ofisi ya elimu. C, mwalimu mkuu. Au d, bodi ya shule?"

"C!" darasa zima lilijibu, mkono wa Kitinda ukiwa juu kabla ya wote.

Na ndivyo ilivyo, ni c. Mkuu akawauliza, kwa upole kabisa, "Mambo ya uhamisho wa walimu mmefundishwa na nani?"

Wakatikisa vichwa.

"Hamjafundishwa. Sasa mmejuaje?"

Watoto wakatazamana. Ni Kitinda aliyesimama, amenyooka kwa furaha ya mtu anayejua jibu. "Mwalimu akifika kwenye jibu anavuta pumzi kidogo," alisema. "Halafu nyusi zinapanda."

"Kwenye hesabu ni nyusi," mwingine akamsahihisha. "Kwenye sayansi sauti inajivuta."

"Na asipoipenda ile herufi anaisoma harakaharaka!"

Sasa kila mmoja alitaka kusema. Walipishana kwa vicheko, wanaeleza, mmoja akasimama akamwigiza mwalimu wake pumzi na nyusi na kila kitu, na alimpatia, alimpatia kabisa. Hawakuwa na hatia hata chembe. Walidhani mtihani ndivyo unavyofanywa, kwamba hiyo ndiyo kazi waliyopewa, nao wamejitahidi mwaka baada ya mwaka mpaka wamekuwa mabingwa. Redio alisimama na kile kipande cha karatasi mkononi. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alimkalisha Kitinda kwenye kochi la mteja lililokuwa bado na nailoni yake, akampa kitabu cha hadithi, cha watoto wadogo, akamwambia asome. Mtoto alikifungua akamtazama mama. Alisoma neno la kwanza, akamtazama. La pili akalikisia, akamtazama. Redio alihisi nyusi zake mwenyewe zinataka kupanda, wallahi, akazibana kwa vidole. Mwishowe akaenda kusimama nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

"Endelea," alisema.

Nailoni ilichakacha.

"Kitinda, soma."

"Mama, toka huko kwanza."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusoma nisipokuona."

Redio aliufunika mdomo kwa lile pazia ili mtoto asimsikie. Huyo ndiye wa kwanza darasani. Huyo ndiye aliyekuwa akijivunia mbele ya watu. Alikuwa amekaa naye nyumba moja, sahani moja, darasa moja, na mtoto anajua herufi zake na maneno mafupi mafupi tu, mengine yote alikuwa anayasoma usoni kwa mama yake.

Mumewe alikuwa mlangoni na nyundo yake, amesikia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Anakwenda kwa dada yangu," alisema.

"Huko nako wakimpa kitabu atasoma nini?"

"Huko wanafundisha."

Neno lilichoma, na Redio alilipokea. "Nipe muhula mmoja," alisema. "Muhula mmoja tu. Mwisho wake usipoona kitu, nitamfungashia begi mwenyewe."

Fundi aliwaza, akakubali kwa kichwa. Basi hapo ndipo mambo yalipofikia: muhula mmoja Kitinda asome, ama aondoke nyumbani na mama yake abaki kufundisha watoto wa watu kama wenzake wote, tena kwa heshima ndogo kuliko yao.

Mwalimu mkuu alikuwa na mpango. Aliuleta kwenye kikao: kila asubuhi, kipindi cha kwanza, shule nzima isahau madarasa. Kila mtoto aende chumba cha wenzake wanaosoma kiwango chake. Anayejua herufi tu aende kwa wa herufi, anayesoma sentensi aende kwa wa sentensi, awe darasa la tatu, awe la saba. Kipindi kikiisha, kila mtu arudi kwake. Na mitihani ya kusomewa ifutwe kuanzia siku hiyo.

Ofisi ililipuka. "Jitu la darasa la saba likakae na watoto wa darasa la pili?" aliuliza yule anayeilaumu serikali. "Watatoroka shule, utabaki na madawati."

"Wazazi watatuvamia!"

"Unawadhalilisha watoto, mkuu."

Mkuu alimtazama Redio, kila mtu akamtazama Redio, kwa sababu yeye ndiye wa taaluma na ndiye mwenye sauti. Alijua akisema hapana mpango umekufa hapohapo, na siri ya Kitinda itabaki ndani ya nyumba yao. Maneno ya watoto watu wangeyasahau. Kwa nini asiseme hapana?

"Wangu ndiye atakuwa wa kwanza kwenda," alisema. "Chumba cha darasa la pili. Kuna mwingine ana mtoto hapa wa kudhalilishwa?"

Hapakuwa na mwingine, na hilo wote walilijua. Kikao kikaisha mapema.

Kumwambia Kitinda ilikuwa kazi ngumu kuliko kikao.

"Watanicheka," mtoto alisema.

"Watakucheka. Mimi wananicheka tangu juzi, na bado nakula nashiba."

"Wewe ni mtu mzima!"

"Ndiyo maana mimi wananicheka zaidi."

Kitinda alianza kulia kwa hasira. "Wewe ndiye uliyekuwa unatusomea! Sisi hatukukuomba!"

Waliomba, kila mwaka waliomba, lakini Redio hakulitumia hilo. "Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuharibia. Umekasirika, kasirika. Lakini kesho utakwenda."

Alikwenda. Kengele ya kipindi cha kwanza ilipogongwa alivuka uwanja peke yake, mrefu, begi amelikumbatia kifuani, na madirishani vichwa vikajazana kama mashabiki wa mpira. Kicheko kilitoka darasa la saba, kikapokewa na la tano. Redio alikuwa barazani. Sauti yake ilimpanda kooni, ile sauti ambayo ingewanyamazisha wote kwa neno moja, akaibana, maana mtoto aliyetetewa na mama yake mwalimu angechekwa mara mbili. Kitinda aliinama kuingia mlangoni, akakaa kwenye dawati ambalo magoti yake hayakuingia. Kisha majina ya wengine yakaanza kuitwa. Wa darasa la tano wakatoka, wa la sita kundi zima, na wa la saba, walewale waliokuwa wanacheka, wakatoka wengi kuliko wote. Baada ya hapo uwanja ulikuwa kimya.

Chumba kile alikichukua mwalimu mkuu mwenyewe, na ile sauti yake kavu ikageuka dawa. Hakuna cha nyusi wala cha pumzi. Ukitaka kujua kilichoandikwa pale, ukitazame chenyewe. Kitinda alirudi nyumbani siku za mwanzo amenuna, hasemi na mtu. Baadaye akaanza kusoma vibao vya maduka njiani, kwa sauti, herufi kwa herufi, akiwachosha watu wote wanaoongozana naye. Redio alitembea hatua moja nyuma, anatazama chini, asije akamsaidia bila kujua.

Yeye mwenyewe alikuwa anajifunza upya kazi aliyodhani anaijua. Alizoea kuuliza swali na kujijibu nusu, watoto wakimalizia nusu nyingine kwa pamoja, "ndiyooo mwalimu!", na wote wakaridhika. Sasa aliuliza akanyamaza, na ule ukimya ulimchoma mwili mzima. Mtoto anasimama, anakodolea sentensi, anakwama kwenye neno la pili, na wewe umesimama unalijua, liko kwenye ncha ya ulimi, na huruhusiwi kulitema! Siku nyingine alitoka nje akazunguka darasa ndipo akarudi. Mzazi mmoja aliyekuja kulipia sare alimwuliza mlinzi kama mwalimu Redio amehama, mbona hasikiki. Mlinzi akamwambia yupo, ila betri zimeisha.

Muhula ulikwisha, ukaja mtihani. Redio aligawa karatasi, akaenda kukaa nyuma ya darasa, nyuma kabisa, ambako hata ungegeuka ungeona ukuta tu. Watoto waligeuka mara moja mbili, wakazoea, wakainama. Hawakumaliza upesi. Midomo ilikuwa inatembea, vidole vinafuata mistari, na Kitinda alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuweka kalamu.

Siku hiyohiyo jioni, nyumbani, Redio aliweka karatasi ya mtoto mezani mbele ya mumewe. Fundi alifuta mikono, akaichukua. Kitinda alikuwa amepata nusu, na nusu yenyewe ya kuponea chupuchupu.

"Nusu," alisema fundi.

"Nusu."

"Alikuwa anapata zote!"

"Alikuwa hapati hata moja, baba Kitinda. Nilikuwa napata mimi."

Alielewa, lakini mwanaume alikuwa ametumaini kitu cha kuonekana, na nusu si kitu cha kumwonyesha dada mtu. Aliirudisha karatasi mezani, akakaa akishika kidevu. Redio alimwona anatazama upande wa kabati lilipo begi, na ahadi ilikuwa ahadi. Aliinuka kwenda kulichukua.

"Mama," alisema Kitinda. Alikuwa ameivuta karatasi kwake, anaitazama kwa uso wa ugomvi. "Hili la tano umenionea."

"Nimekuonea nini?"

"Swali lako baya."

"Swali langu!" Redio aligeuka na mikono kiunoni, sauti yote imerudi. "Swali hilo natoa kila mwaka! Toka wewe hujazaliwa!"

"Linasema," Kitinda aliweka kidole chini ya mstari, akainamisha kichwa, akasoma, polepole, neno likisukuma neno. "Kipi kati ya hivi huelea juu ya maji? A, jiwe. B, ubao. C, mafuta. D, msumari." Hakuinua macho hata mara moja. "Ubao unaelea. Na mafuta yanaelea. Nikiosha sufuria nayaona pale juu. Nimeandika b na c, wewe umeweka kosa."

Fundi aliinua uso. "Mafuta yanaelea," alisema.

Redio aliichukua karatasi. Alisoma swali, kimya. Akalisoma tena. Jibu lake siku zote lilikuwa ubao, na darasa zima, kila mwaka, liliandika ubao, wala hajawahi kutokea mtoto hata mmoja akanyoosha mkono kusema mwalimu hapa pana majibu mawili. Watoto wote wale, walikwishakuwa watu wazima, wengine wana watoto wao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulisoma. Machozi yalimtoka, na safari hii hakutafuta pazia.

"Nani kakwambia hili?" aliuliza, ingawa alijua.

"Hakuna. Nimesoma."

Fundi alikohoa, akasimama, akatafuta nyundo yake mahali ambapo haikuwapo. "Dada nitampigia simu," alisema. "Nitamwambia nafasi ampe mwingine." Akatoka nje upesi, kwa kuwa naye hakutaka kuonekana usoni.

Redio alichukua kalamu nyekundu akaikata ile alama yake ya kosa mpaka karatasi ikatoboka. Kitinda alimtazama, akaona mambo yamemnyookea, akasogea.

"Na la nane nalo," alisema, "sielewi hata umeuliza nini."

"Weee!" alisema Redio, akicheka huku analia, akamvutia kiti karibu na taa. "Haya, lisome. Yasome yote. Nitafutie na mengine."